Nimebadilisha betri na altaneta, nusura ninunue na stata. Kumbe waya wa hasi! Tupime kwanza, wakuu

Mwenye_Mita

Wakuu, salaam.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni ya mezani, na hadi mwaka juzi nilikuwa mtu wa kufungua boneti, kuguna kidogo, na kuifunga. Naandika kwa sababu ada nimeshailipa, sioni haja mwingine ailipe tena.

Gari ni Toyota IST ya 2004, toleo lile la kwanza, injini ya 1NZ. Ilianza kugoma asubuhi. Ukipiga stata (mota ya kuwashia injini) inasikika ta-ta-ta-ta, basi. Jirani akaja na waya za jampa, ikawaka mara moja. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, nikanunua mpya. Siku tisa, ta-ta-ta. Fundi wa pili akapima, akaona chaji iko chini kidogo, akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Nikaenda Shaurimoyo nikachukua ya mtumba, ikafungwa, gari ikatulia wiki mbili. Nikaanza kutamba hadi kijiweni. Ikarudi ile ile. Fundi wa tatu akasema stata, tena akawa anayo tayari kwenye buti.

Hapo ndipo nikaenda kununua mita ya kupimia umeme. Ile ya manjano, ndogo, ya elfu kumi na tano. Kama una gari na huna mita, nunua kabla hujanunua hata kapeti za miguuni.

Nilichofanya ni hiki. Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Gari ikiwa imelala usiku kucha, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 hiyo ina njaa. Yangu ilisoma 12.5. Washa injini, pima tena: altaneta nzima inakupa kati ya 13.8 na 14.5. Yangu 13.6. Chini kidogo, ndiyo, lakini si ya kusema imekufa.

Sasa utamu uko hapa. Mwambie mtu apige stata wewe ukiwa umeshikilia nyaya za mita kwenye betri. Betri ikiwa mbovu volti zinaporomoka hadi chini ya 9.6. Yangu ilibaki 11.6! Maana yake betri haikuwa imechoka, ilikuwa haivutwi. Umeme unakwama njiani. Na nikakumbuka kitu ambacho mimi na mafundi wote watatu tulikiona na hatukukisoma: taa za dashibodi zilikuwa hazififii gari inapogoma. Betri ikiwa hoi, taa zinazimika pamoja na stata. Zangu zilikuwa zinawaka kama sikukuu.

Nikahamisha nyaya za mita: nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, si ile klipu), nyekundu kwenye chuma cha gia boksi. Piga stata. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, ikifika nusu volti anza kuwa na wasiwasi. Ilisoma 3.4. Karibu volti tatu na nusu zinapotelea kwenye waya mmoja.

Waya wenyewe unatoka hasi ya betri, unagusa bodi, unaishia kwenye gia boksi kwa bolti ya 12. Nilipoufungua, kile kichwa cha shaba kilikuwa kimevaa ukungu wa kijani na mweupe kama mkate uliosahaulika kabatini. Nikachana ganda kidogo kwa kisu, nyuzi ndani zimekuwa unga. Chumvi ya pwani hiyo wakuu. Waya mpya elfu kumi na mbili, msasa kidogo kwenye chuma unapokaa, nikafunga. Chaji ikapanda hadi 14.2. Huu ni mwaka wa pili.

Na jampa ya jirani ilikuwa inafanya kazi kwa nini? Kwa sababu yeye anabana klipu nyeusi kwenye chuma cha injini, kama inavyotakiwa. Alikuwa anauruka ule waya mbovu bila kujua. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu kila asubuhi.

Karibuni. Mwenye gari inayosumbua aseme inafanya nini, asianze na alichoambiwa kimekufa.

Siti_ya_Dirishani

Nimewahi siti. Shusha madini mkuu.

Fundi_Spana_Kumi

Fundi hapa, miaka kumi na saba gereji. Nimesoma mara mbili. Upo sahihi, ila na sisi tusikilizwe.

Mteja wa kwetu analipia spea na analipia kufunga. Kupima halipii. Ukimwambia "niachie elfu ishirini nitafute tatizo" anakuona tapeli, anahamia gereji ya jirani. Yule jirani anambadilishia betri, anaondoka ameridhika maana ameona kitu kipya. Sasa fundi afanye nini? Anakisia. Akipatia ni bingwa, asipopatia mnakuja kutuandikia uzi.

Niongezee kwenye stata, watu wengi hawajui kusikiliza. Ta-ta-ta ya haraka ni umeme hautoshi: betri, klipu zilizolegea, au waya kama wa mtoa mada. Ikipiga KA! moja nzito halafu kimya, taa zikiwaka vizuri, tafuta ndani ya stata. Hizi Toyota vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya stata) vinalika. Vinauzwa peke yake, bei ya soda kadhaa, lakini utaambiwa stata nzima. Na ikiwa kimya kabisa, hata ka haipo, kabla hujamwita mtu ingiza gia N halafu jaribu. Ikiwaka kwenye N na kugoma kwenye P, ile swichi ya gia ndiyo inasumbua.

Ombi moja kwa wanaojifunza: ukifungua ukishindwa, lete gari na bolti zote. Nimeshapokea Vitz na mfuko wa rambo wenye vitu, mwenyewe hajui kipi kimetoka wapi.

Mwenye_Mita

Fundi heshima yako. Hilo la kulipia kupima sikuwahi kulifikiria upande wenu. Yule aliyeniuzia betri ningempa elfu ishirini apime tangu mwanzo, ningeokoa laki tatu na ushee.

Binti_Kigamboni

Samahani kaka zangu, naomba msaada. Nina IST kama ya mtoa mada. Kwenye foleni ya kivuko taa nyekundu ya joto inawaka. Nikishafika barabarani nikakimbia, inazima yenyewe. Halafu kingine, asubuhi ile taa ya bluu inachukua muda mrefu sana kuzima, nikiwa naenda Mbagala natembea nayo hadi nazoea. Fundi ameniambia ni gasketi ya silinda hedi, injini ishushwe. Nimeogopa.

Mwenye_Mita

Dada, usishushe chochote. Kwa wasiojua, gari hizi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, kwa hiyo nyekundu ikiwaka hapo si onyo la mapema. Paki, zima.

Umesema jambo lenye thamani kuliko mashine ya kupimia: inachemka ukisimama, inapoa ukikimbia. Ukikimbia upepo wa barabarani unapoza rejeta bure. Ukisimama kazi hiyo ni ya feni. Gasketi ikiwa imeungua kwa kawaida haikupi nafuu barabarani, tena inachemka zaidi ukikanyaga mafuta au kupanda kilima.

Kesho injini ikiwa BARIDI angalia haya: maji kwenye rejeta yamejaa? Kuna matope ya rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili? Gari ikiwaka kuna mapovu yanatoka mfululizo kwenye chupa ya maji? Bomba la moshi linatoa moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto? Kisha washa gari, washa AC, nenda mbele usikilize feni. AC ikiwaka feni lazima izunguke.

Na mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa moto. Ule mfuniko unashikilia maji yaliyopita nyuzi 100 yasichemke kwa sababu yamebanwa. Ukifungua yanachemka yote kwa mpigo, usoni kwako.

Baridi_ya_Uyole

Hapo kwenye chai ya maziwa niweke angalizo kwa watu wa nyanda za juu. Huku kwetu Mbeya, msimu wa baridi, ukiwa unaendesha safari fupi tu za nyumbani-sokoni-nyumbani, unaweza kukuta utando mweupe chini ya mfuniko wa oili na gasketi ni nzima. Ni mvuke umeganda kwenye chuma baridi. Vuta dipstiki. Oili ikiwa safi kule chini na maji ya rejeta hayapungui, futa utando, piga safari ndefu siku moja, angalia tena. Mimi niliponea chupuchupu kufungua injini nzima kwa sababu ya kitambaa cha utando.

Mkulima_Nakuru

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Kenya. Langu ni la betri lakini si kama la mwenye uzi. Yangu ilikuwa ikiachwa siku tatu inakufa, ikiendeshwa kila siku haina shida. Betri mpya, altaneta sawa, nyaya nimesugua zote.

Makanika mmoja mzee akanionyesha. Zima kila kitu, funga milango, ufunguo uuweke mbali. Toa klipu ya hasi. Mita unaiweka kwenye ampia, tundu la 10A, waya mmoja kwenye klipu na mwingine kwenye nguzo ya betri, ili umeme wote upite ndani ya mita. Ngoja nusu saa, maana kompyuta za gari huchelewa kulala. Gari iliyolala inapaswa kunywa chini ya ampia 0.05. Yangu ilikuwa 0.4. Hiyo ni kama kuacha taa ndogo ikiwaka usiku na mchana.

Ukaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mtu mwingine akitazama mita. Nilipochomoa ya redio ikashuka. Kumbe kuna mtu alifunga kifaa cha kufuatilia gari, yaani trekingi, akachukua umeme nyuma ya redio, na kifaa chenyewe kilishakufa ila kiliendelea kunyonya. Hata sikujua kipo, gari nilinunua kwa mtu.

Kosa langu mimi: nikiwa bado nimeunganisha mita nikasahau nikapiga stata. Fyuzi ya mita ikaenda. Msirudie.

Siti_ya_Dirishani

Kumbe mwenye gari wa zamani bado anajua ulipo 😂

Mkulima_Nakuru

Kilikuwa kimekufa bwana. Natumai.

Kijana_wa_Vitz

Wazee, taa ya cheki injini imewaka na gari inatetemeka nikiwa kwenye mataa, ikipanda mlima inashtuka shtuka. Nimeambiwa nibadilishe koili zote nne na plagi zote nne. Kabla sijauza simu, kuna kipimo?

Mwenye_Mita

Kipo, tena hakihitaji hata mita. Injini inamisi, yaani kuna silinda haichomi mafuta vizuri. Kama una kile kidude cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, soma kodi, yaani namba za kosa, kwa simu. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, endelea hivyo. Tuseme imekuja P0302. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa koili ya pili uiweke ya tatu, ya tatu uiweke ya pili. Kila moja imeshikwa na bolti moja ya 10 na soketi ya waya. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, ubovu umehama na koili, nunua moja tu. Ikibaki P0302, koili haina kosa, fanya hivyo hivyo kwa plagi.

Ukichomoa koili angalia ncha yake. Ikitoka imelowa oili, gasketi ya tapeti kava inavujisha kwenye shimo la plagi, na utanunua koili kila baada ya miezi michache hadi uitengeneze.

Vidude vya bei rahisi vikikataa kuongea na gari usishangae. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008 hivi hazifuati lugha ile ya kimataifa moja kwa moja. Tafuta fundi mwenye mashine ya Toyota, umlipe kusoma tu.

Fundi_Spana_Kumi

Na kodi si hukumu. P0420 ikija, mafundi wengine wanakimbilia kutoa masega, kile kisafisha moshi, kwenye bomba la moshi. Kodi imesema masega hayasafishi inavyotakiwa, haijasema kwa nini. Injini inayomisi inatapika petroli mbichi kule ndani, masega yanapata moto yanayeyuka. Usipotibu misi, hata ukiweka mapya yatakufa.

P0171 nayo: hewa nyingi, mafuta kidogo. Kabla ya sensa yoyote, sikiliza mpira uliopasuka baada ya filta ya hewa, unalia ssss. Mara nyingi mtu alifungua filta akarudisha bomba vibaya.

Binti_Kigamboni

Nimerudi. Maji yalikuwa pungufu kidogo tu, oili safi, hakuna mapovu. Nimewasha AC nikaenda mbele: feni HAIZUNGUKI. Kaka yangu ametoa fyuzi, nzima. Sasa?

Mwenye_Mita

Hongera dada, injini yako imebaki juu. Hatua inayofuata: fungua boksi la fyuzi kwenye injini, mchoro uko chini ya mfuniko. Tafuta relei (swichi ya umeme) ya feni, ibadilishane na ya honi kama zina namba moja ubavuni. Ikizunguka, ni relei. Isipozunguka, gari ikiwa imezimwa chomoa soketi ya feni, upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota yake kwa nyaya mbili, chanya ikiwa na fyuzi. Vidole na mtandio mbali na mapanga.

Fundi_Spana_Kumi

Ikigoma hata hapo, igonge mota taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme upo. Ikishtuka ikazunguka, kaboni zimeisha, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota.

Na dada, ile taa ya bluu inayochelewa kuzima. Naogopa najua ni nini. Fungua nyumba ya themostati (kile kilango kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto), injini ikiwa baridi, uniambie umekuta nini.

Mzazi_wa_Wawili

Breki je? Pedi naweza kubadilisha mwenyewe?

Fundi_Spana_Kumi

Pedi za mbele unaweza, upande mmoja kwa wakati, ili upande wa pili ukukumbushe vilivyokaa. Gari juu ya stendi za chuma, na gurudumu la nyuma limewekewa kigingi. TOFALI HAPANA. Tofali la saruji linapasuka bila kukuaga. Jeki peke yake nayo hapana. Ukimaliza, kabla hujatoka kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu, la sivyo breki ya kwanza utakayoshika haipo.

Pedali ikiwa laini inazama taratibu, hiyo si ya nyumbani, lete. Na waya zenye ganda la manjano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa, za rangi ya chungwa kwenye haibridi zina umeme wa kuua. Hizo hata mimi naheshimu.

Binti_Kigamboni

Jamani. Mota ya feni tumeipelekea umeme, kimya. Kaka kaigonga, ikazunguka, tukapiga kelele wote. Fundi wa mota ametuwekea kaboni mpya, jana nimekaa foleni ya kivuko dakika arobaini na AC, taa nyekundu hata haikujaribu.

Na nyumba ya themostati tumeifungua. Hamna kitu. Tupu! Kuna mpira tu wa kuzibia.

Fundi_Spana_Kumi

Nilijua. Mwenzetu mmoja alikuona unachemka akaitoa, akakuambia nchi yetu ni ya joto haihitaji. Bila themostati maji yanazunguka tangu injini ikiwa baridi, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaongeza petroli. Mafuta unayokunywa kila wiki yanaishia humo. Na haikutibu foleni kwa sababu ugonjwa ulikuwa feni.

Nunua ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga ipime: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Inatakiwa ianze kufunguka maji yakikaribia kuchemka, na ijifunge ikipoa. Hata mpya ya dukani ipime, nimeshakutana na mpya iliyokufa. Ukiifunga, kale kapini kadogo kanakaa juu ili hewa itoke. Jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya kisima, ya huko kwenu yana chumvi inayotafuna rejeta. Ile ya pinki ya Toyota imeshachanganywa, usiongeze maji.

Binti_Kigamboni

Nimenunua mbili maduka tofauti kwa woga. Moja imefunguka vizuri. Nyingine maji yamechemka hadi yamekaribia kukauka, imenitazama tu. Nairudisha Jumatatu na sufuria yangu.